Mpira wa Katikati: Siku Sita, Wete hadi Kiwengwa na Kurudi

Jumatano, 24 Januari 2024. Wete

Nilikuwa dukani napanga madaftari ya skuli, simu ikatoa mlio. Mwenzangu wa zamani, niliyeokota naye mipira ya tenisi kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, Unguja, enzi za ujana, kaniandikia maneno matano tu: "Mzee wako yumo nusu fainali."

Mzee mwenyewe ni Rohan Bopanna, Mhindi wa Coorg, mtoto wa mashamba ya kahawa kama sisi tulivyo watoto wa mashamba ya karafuu. Ana miaka 43. Yeye na Matthew Ebden wa Australia wamewatoa Waargentina Máximo González na Andrés Molteni 6-4, 7-6 kwenye robo fainali ya mashindano makubwa ya Australia kule Melbourne, na kwa ushindi huo orodha mpya ikitoka Jumatatu atakuwa namba moja wa dunia katika tenisi ya wawili wawili. Hakuna mwanamume aliyepata kufika hapo kwa mara ya kwanza na umri huo. Aliyekuwa akishika rekodi ni Rajeev Ram wa Marekani, na yeye alifika akiwa na 38. Nilisimama nyuma ya kaunta nimeshika daftari mkononi, macho yakanilenga machozi. Mimi nina 51 na goti la kulia limeanza kunikataa tangu mfungo uliopita.

Safari yetu ni kesho. Huyo mwenzangu sasa ndiye msimamizi wa michezo pale hotelini, na ameandaa mashindano madogo ya wanaume wawili wawili siku ya Jumamosi: timu nane, wengi wao wafanyakazi wa mahoteli. Sisi wa Pemba ni timu moja, mimi na mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Ni mvuvi, ana miaka 27, mkono wake mrefu kama upondo.

Saa kumi jioni tulifanya zoezi la mwisho. Uwanja wetu ni sakafu ya saruji iliyobaki baada ya ghala kubomolewa. Mistari tumepiga wenyewe kwa chokaa. Kwa urefu zile mita 23 na sentimita 77 za kanuni zinaingia, lakini kwa upana wa wawili wawili, karibu mita 11, mstari wa kushoto unaishia pale pale saruji inapoishia. Ukifuata mpira wa pembeni unajikuta kwenye migomba. Wavu ni kipande cha jarife kuukuu la uvuvi, kimefungwa kwenye nguzo mbili za mkoko. Kimo cha katikati hatupimi kwa futi. Unasimamisha raketi moja wima, juu yake unalaza kichwa cha raketi ya pili kwa ubavu, na hapo umepata zile sentimita 91 na nusu kasoro kidogo. Nilifundishwa hivyo hotelini na sijaona njia iliyo bora.

Zoezi lilikwenda vizuri mpaka ulipokuja mpira wa katikati. Vijana wawili wa mtaani walikuwa upande wa pili, mmoja akaupiga taratibu ukapita baina yetu. Mkwe angeuchukua bila hata kunyoosha mkono. Akaniangalia. Na mimi nikamwangalia. Mpira ukadunda mara mbili ukaenda zake.

"Samahani, Baba."

Hilo ndilo tatizo letu, na silo la mkono wala la miguu. Mchezo wa wawili huchezwa kwa mdomo. Aliye karibu na mpira hupaza sauti, "Wangu!", na mwenziwe hujitoa. Mkwe wangu hawezi kunipigia kelele. Toka amwoe binti yangu hajapata kunikata neno. Akipita mbele yangu barazani huinama. Na yako mengine magumu zaidi. Aliye wavuni humpa mwenziwe anayeanzisha mpira ishara ya vidole nyuma ya mgongo, chini ya kiuno: ngumi maana yake nabaki, kiganja wazi maana yake nakatiza. Kijana kaona haya kumwekea baba mkwe wake mkono mahali hapo, na mimi simlaumu. Hivyo hatuambiani kitu. Tunacheza kama watu wawili waliokutana njiani.

Usiku barza nzima ilikuwa kwenye televisheni. Taifa Stars na Kongo, 0-0, tumeaga Kombe la Afrika kwa pointi mbili. Nilikaa nao mpaka mwisho, nikanyanyuka kimya kama wengine.

Alhamisi, 25 Januari. Wete, Mkoani, Unguja

Binti yangu alitufungia mkate wa mofa na samaki wa kukaanga alfajiri. Gari ya Mkoani ilijaa mapema. Njia nzima, hasa tukikaribia Chake, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara na harufu inaingia dirishani. Mkwe alibeba raketi zote mbili, hataki kuniachia hata moja.

Boti iliondoka bahari ikiwa na mawimbi. Kaskazi limekaza mwezi huu. Tulipofika kwenye mkondo wa Nungwi sauti zilipungua, kama zinavyopungua kila safari. Ni hapa ilipozama meli ya Spice Islander mwezi wa Septemba 2011 ikielekea Pemba, na hakuna nyumba kwetu isiyomjua mtu aliyekuwemo. Mama mmoja mbele yetu alinyanyua mikono akasoma dua, na sisi tukaitikia amin.

Minara ya kisiwa cha Tumbatu ilipoonekana watu wakaanza kuzungumza tena, na mimi nikamhadithia mkwe habari za Wayne Black na Kevin Ullyett. Nilitaka azijue kabla ya Jumamosi. Hawa ni Wazimbabwe, wote wa Harare. Baba yake Black alikuwa mkulima, akawatengenezea wanawe viwanja vya nyasi shambani kwake, watatu wote wakaja kuwa mabingwa wa mchezo wa wawili. Black na Ullyett walichukua taji la Marekani mwaka 2001, na mwaka 2005 wakachukua la Australia, yote mawili kwenye uwanja mgumu. Pale Melbourne fainali waliwafunga 6-4, 6-4 ndugu pacha Bob na Mike Bryan, watu ambao mpaka wanastaafu walikuwa na mataji makubwa 16 ya pamoja.

"Pacha, Baba?" mkwe akauliza.

"Pacha. Mmoja wa mkono wa kushoto, mmoja wa kulia."

Akafikiri. "Hao hawana haja ya kuambizana."

Nikamwambia ndio kwanza, hao walikuwa wakiambizana kila pointi. Ukiwatazama, baina ya mpira mmoja na mwengine wanakutana, wanasema neno, wanagusana mikono, ndipo wanarudi. Waliozaliwa tumbo moja wanasemezana. Seuze sisi tuliokutanishwa na posa.

Mtandao ulirudi tukiwa tunaingia bandari ya Malindi. Bopanna na Ebden wameshinda nusu fainali 6-3, 3-6, 7-6 dhidi ya Mcheki Tomáš Macháč na Mchina Zhang Zhizhen. Seti ya tatu imekwenda mpaka sita kwa sita, na kwenye mashindano makubwa ikifika hapo huchezwa taibreka, yaani gemu ya kuamua, ya pointi kumi. Wameipata 10-7. Nilimwonyesha mkwe kioo cha simu hapo hapo kwenye ngazi, watu wanatusukuma kwa nyuma.

Tumelala Michenzani kwa dada yangu.

Ijumaa, 26 Januari. Mjini hadi Kiwengwa

Asubuhi nilipokuwa najinyoosha ndani ya chumba nikasikia "tak!", uzi mmoja wa raketi yangu umekatika pale katikati panapopigwa sana. Darajani tumezunguka mpaka adhana, hakuna anayefunga nyuzi za tenisi. Baada ya sala ya Ijumaa tukapanda daladala 117 ya Kiwengwa na raketi moja nzima. Mahonda, Kinyasini, kisha msitu, kisha bahari mbele. Mwenzangu alinipokea na kunipa raketi yake mwenyewe hata kabla sijamaliza kueleza.

Akatupeleka uwanjani. Nilikuwa sijaukanyaga miaka mingi. Watu husema "uwanja mgumu" wakadhani ni saruji basi. Chini ni lami au zege, ndiyo. Lakini juu yake humwagwa rangi maalumu iliyochanganywa na mchanga, tabaka juu ya tabaka, na chembe za ule mchanga ndizo zinazoamua kama mpira utakimbia au utazuiliwa. Mchanga mkubwa, mpira unashikwa na kunyanyuka. Mchanga laini, unateleza chini. Ule wa Melbourne ni wa buluu na umekuwa mgumu tangu 1988. Zamani walicheza kwenye nyasi. Huu wa Kiwengwa ulikuwa wa buluu pia. Jua limeula, umekuwa rangi ya shati lililofuliwa mara mia. Kuna ufa umekatiza kutoka mstari wa nyuma mpaka karibu na wavu, umezibwa vizuri. Waya wa wavu una kutu ya hewa ya chumvi. Niliinama nikaupitisha mkono juu ya ile rangi. Bado inakwaruza. Nilifurahi mno.

Mwenzangu akafungua kopo jipya la mipira, likatoa pumzi, "psss", na mkwe akashtuka. Kwetu hajapata kuisikia sauti hiyo. Mipira inayotufikia Wete imeshachezwa na watu wengine, manyoya yameisha. Aliunusa. Akaudundisha, ukamrukia mpaka kifuani, akaangalia kama umefanya kosa.

Tukacheza nusu saa. Mpira wa katikati ulitupita mara tatu. Mwenzangu, aliyekuwa amekaa pembeni, hakusema kitu mpaka mkwe alipokwenda kunywa maji.

"Huyu kijana hacheki nawe, wala hakuamuru. Mtapigwa katikati mpaka mchoke."

Baada ya magharibi nikakaa na mkwe ufukweni. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, wanawake wamesharudi na mwani wao. Nikamuuliza: "Chomboni mnapovuta wavu, ami yako si yumo?"

"Yumo."

"Ukitaka alegeze kamba unamwambiaje?"

"Namwambia, legeza!"

"Kwa sauti gani?"

Akanyamaza. "Kule ni baharini, Baba. Ukichelewa kusema, kamba inamkata mtu mkono."

"Na huku ni uwanjani."

Hakujibu. Alichora mistari mchangani kwa kidole, kiwanja kizima, akaweka vijiwe viwili, mimi na yeye, akavisogeza huku na huku muda mrefu.

Jumamosi, 27 Januari. Kiwengwa

Tumeanza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa kuwa muda ni mdogo, seti zilikuwa za gemu nne, na tukafuata kanuni za mashindano ya kawaida ya kulipwa: mkifika arobaini kwa wote, yaani pointi tatu tatu kwenye gemu, hakuna tena kuvutana, ni pointi moja ya kuamua, na wanaopokea ndio wanaochagua nani apokee. Mkigawana seti, ya tatu haichezwi. Mnacheza taibreka ya pointi kumi. Kanuni hizi zililetwa mwaka 2006 ili mechi za wawili zisichukue siku nzima, na wako wachezaji walionung'unika. Mimi nazipenda. Zinamfanya mtu aseme na mwenziwe, kwa sababu kila mara kuna jambo la kuamua.

Mechi ya kwanza tulikutana na wapishi wawili wa hoteli ya jirani. Tumeshinda 4-1, 4-1, na siwezi kuandika mengi kuhusu hiyo.

Ya pili ndiyo niliyokuja nayo kichwani mpaka usiku huu. Wapinzani walikuwa wafundishaji wa kuogelea, vijana, wote wawili warefu. Kabla ya mpira wa kwanza nikiwa nyuma ya mstari naanzisha, nikamwona mkwe wavuni anasita, anafuta kiganja kwenye kaptura. Kisha polepole akauleta mkono nyuma ya mgongo. Kiganja wazi. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nikapiga sevu, mpira wa kuanzishia, katikati, yule kijana akarudisha pale pale, na mkwe wangu akakatiza kama mwewe akauzima kwa voli, kabla haujadunda. Hakugeuka kuniangalia. Alirudi mahali pake akaweka ngumi.

Seti ya kwanza tukachukua 4-2. Ya pili kaskazi likaanza kuvuma kukatiza uwanja, goti langu likaanza kuwaka, wakatupiga 4-1. Taibreka. Tukaenda sambamba, mbili mbili, tano tano, saba saba, nane nane.

Hapo ndipo lilipokuja lile lobu. Yule wa kulia aliunyanyua mpira juu sana, upepo ukaushika ukawa unayumba baina yetu, mimi nikirudi nyuma kwa goti moja, jua limo machoni. Nilijua siwezi. Nilijua pia kwamba nitajaribu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na yeye ataniachia, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Nimenyanyua raketi.

"Wangu! Baba, toka!"

Sijapata kusikia sauti ile. Ni ya chomboni, ya kushinda upepo. Niliinama nikajitupa pembeni, mkono ukagusa rangi, na juu ya kichwa changu nikasikia mpira umepigwa sawasawa. Nilipoinuka ulikuwa umeshavuka uzio. Tisa kwa nane. Pointi iliyofuata wapinzani wakakosa sevu mbili mfululizo, na tukawa tumeshinda 10-8.

Mkwe alikuja mbio, halafu mbele yangu akasimama ghafla, hajui afanye nini na mikono yake. Nikamshika kichwa nikamkumbatia.

Fainali tulifungwa 4-0, 4-1. Goti lilikuwa limeshavimba, nilikuwa nasimama tu. Waliotufunga ni wazuri kuliko sisi na nimewaambia.

Mchana tulikaa chumba cha kulia cha wafanyakazi, goti langu kwenye ndoo ya barafu. Kwanza tukaona Aryna Sabalenka anamfunga Zheng Qinwen fainali ya wanawake. Baada ya hapo watu wengi wakanyanyuka, kama wafanyavyo watu wa dunia nzima mchezo wa wawili unapoingia. Tulibaki sisi, mwenzangu, na wale wapishi.

Bopanna na Ebden dhidi ya Waitalia Simone Bolelli na Andrea Vavassori. Seti ya kwanza hakuna aliyevunjwa sevu, yaani kupoteza gemu anayoanzisha yeye, mpaka taibreka, na hapo ikawa 7-0, kama waliosubiri saa nzima kwa ajili ya dakika chache hizo. Seti ya pili 7-5. Mkwe hakuwa anaangalia mpira hata kidogo. Alikuwa anaangalia midomo. "Wanasema kila mara," akaniambia. "Kila mara, Baba. Huyu mdogo anamwambia mzee."

Nikamweleza yale ninayoyajua ya magoti ya mzee yule: kwamba gegedu limeisha, kwamba alikuwa akicheza kwa maumivu mpaka alipoanza yoga ya Iyengar, kwamba taji kubwa la wanaume wawili hakuwahi kulipata maisha yake yote mpaka leo. Mwaka 2010 alifika fainali ya Marekani na Mpakistani Aisam-ul-Haq Qureshi, Mhindi na Mpakistani upande mmoja wa wavu, wakafungwa na wale pacha Bryan kwa taibreka mbili. Mwaka jana akafika tena, na Ebden huyu huyu, wakafungwa na Ram na Joe Salisbury. Leo kombe lipo mkononi. Alipopewa kipaza sauti alisema miaka kadhaa nyuma alimtumia mkewe ujumbe wa video kwamba anataka kuacha, kwa sababu hashindi tena mechi.

Mpishi mmoja akasema, "Mashaallah." Barafu ilikuwa imeyeyuka yote kwenye ndoo, sikuhisi.

Jumapili, 28 Januari. Kurudi

Boti, bahari tulivu kuliko ya kwendea. Nimelala karibu njia nzima. Nilipoamka, mkwe alikuwa ameniwekea jaketi lake chini ya goti.

Gari ya Wete iliharibika kabla ya Chake, tukasubiri chini ya mwembe. Pale ndipo aliposema, huku akiangalia barabara:

"Baba, samahani kwa jana. Nilikwambia toka."

"Ulisema kwa wakati," nikamjibu.

Jumatatu, 29 Januari. Wete

Orodha imetoka. Bopanna, namba moja. Nimekata karatasi, nimeandika jina na umri, nimebandika dukani juu ya rafu ya kalamu. Wateja wawili wameniuliza ni nani.

Saa kumi nilikwenda uwanjani na kiti. Goti halinipi ruhusa wiki hii. Mkwe amecheza na mtoto wa jirani, wa skuli, hajatimiza miaka kumi na sita, dhidi ya wale vijana wa mtaani. Nilipima wavu kwa raketi mbili kabla hawajaanza. Jarife lilikuwa limelegea, nikalikaza kidogo upande wa migomba.

Mpira wa katikati ulikuja gemu ya pili. Yule mtoto alikuwa karibu nao zaidi. Akasita, akamwangalia mkwe wangu kwa adabu, raketi chini.

"Sema!" mkwe akampigia kelele. "Sema ni wako!"